Munyu wa Zena

Ninaandika haya nikiwa nimeketi, miguu juu ya kigoda kama nilivyoagizwa. Leo miguu yenyewe ni myembamba, na ukiibonyeza kwa kidole halibaki shimo. Nawaandikia ninyi mnaotoka hospitali na karatasi ya chakula mkononi, mmeambiwa chumvi basi, mkafika nyumbani mkaitazama sufuria mkalia. Mimi sikulia. Mimi niliwaka hasira, na hasira hiyo nusura inizike. Sitawapa darasa la figo wala la moyo, wenye kazi hiyo wapo. Nitawaambia nilichokifanya, pamoja na kile nilichokuwa nimekificha miaka yote, maana kwangu mambo hayo mawili hayakutaka kuachana.

Ilianza na kandambili. Ilikuwa msimu wa mvua, asubuhi, nikaingiza mguu na kandambili ikakataa. Nikadhani Sifa amebadilisha zangu na zake. Sifa ni binti yangu, mwalimu wa shule ya msingi, na kama walimu wote anapenda kuchunguza. Akachuchumaa, akabonyeza mguu wangu, kidole kikazama.

"Mama, miguu yako imevimba."

"Njo mvua," nikamwambia, yaani ni mvua tu. "Kila kitu inavimba na mvua."

Nilimaliza wiki mbili nikisingizia mvua. Asubuhi macho hayafunguki vizuri, pete ya ndoa haitoki wala haizunguki, na kile kimlima cha kutoka mtoni, nilichokuwa nakipanda na ndoo kichwani huku nikisengenya watu, sasa nakipanda mikono mitupu na ninasimama mara tatu. Mume wangu, Baba Sifa, mzee wa reli aliyestaafu bila kustaafishwa, akasema nimenenepa. Alidhani ananisifu.

Sisi tunakaa Alunguli, na hospitali niliyopelekwa iko ng'ambo, upande wa mjini. Tukavuka kwa mtumbwi. Pale kwenye benchi ya kungojea niliketi tangu saa mbili hadi adhuhuri ikapita. Karibu yangu alikuwepo mchimba dhahabu kutoka Kampene, kijana mwenye uso uliojaa maji hadi macho yamekuwa mistari. Alikuwa anakula makayabo kwenye karatasi, ule samaki mkavu wa chumvi, anayanyofoa kidogo kidogo. Akanikaribisha. Nikala. Mara kadhaa nimemfikiria yule kijana, sisi wawili tukila dawa ya kutuua mlangoni mwa daktari.

Daktari alizungumza Kifaransa na Sifa juu ya kichwa changu, kana kwamba mimi ni furushi alilolileta. Aliyenihurumia ni muuguzi, mama mnene mwenye sauti ya sokoni, anaitwa Mama Anyesi. Akanishika mkono wenye pete isiyotoka.

"Mama, tansio ya damu iko juu sana, na figo imechoka. Dawa tutakupa. Lakini kama hauachi chumvi, dawa itafanya kazi ya bure. Unasikia?"

"Nasikia."

"Hapana, hausikii bado. Utasikia ukifika nyumbani."

Akanipa karatasi. Wao waliiita rejime. Saa moja, uji wa mchele. Saa sita, wali kiasi cha ngumi moja, samaki mbichi wa mtoni kiasi cha kiganja, mboga. Saa kumi, kipande cha tunda. Jioni, chakula kile kile cha saa sita, ila pungufu. Na chini yake makatazo: chumvi, kube za kukolezea mchuzi, makayabo, dagaa wa mkebe, mkate wa duka. Maji yapimwe kwa chupa. Karatasi haikutaja munyu wa majivu, chumvi yetu ya kienyeji. Aliyeiandika hakuwa wa kwetu.

Sifa aliichora rejime hiyo ukutani jikoni kwa chaki, kwa mistari iliyonyooka, na kila nikila anaweka alama. Kisha akauchukua mkebe wa chumvi, akautia kwenye mkoba wake wa shule. Kila asubuhi chumvi ya nyumba hii ilikwenda darasani na kurudi mchana.

Siku ya kwanza Baba Sifa alikula chakula changu kwa mapenzi. Alitafuna, akanywa maji, akasema si kibaya. Siku ya pili akasema ana kikao msikitini saa ya kula. Kile kikao kiliendelea wiki nzima, kwa jirani, hadi Sifa akaanza kupika sufuria mbili, yao na yangu. Msidharau jambo hilo la sufuria mbili. Nyumba yenye sufuria mbili inageuka kuwa ya wapangaji. Niliwasikia wakicheka upande ule, nami upande huu nina sombe langu la majani ya muhogo, la kijani, limepondwa vizuri, lina kitunguu, lina pilipili, lina limau, na halina kitu.

"Sifa, unipe punje mbili tu. Nitie juu ya ulimi, nisimeze."

"Haiko, mama."

"Iko kwenye mkoba wako, naiona."

"Kwako weye, haiko."

Alilisema bila ukali, na akarudi kwenye madaftari yake. Mimi nilibaki na tonge kinywani. Hapo ndipo ulimi wangu ulipokumbuka. Sombe hili nilishawahi kulila, na jibu hili nilishawahi kulisikia, ila siku ile jibu lilitoka kwangu.

Nikainua macho. Marehemu Zena alikuwa amechuchumaa karibu na jiko, goti la kushoto chini ya kidevu kama alivyokuwa akikaa, anautazama mkono wangu wenye tonge. Sisemi ni jini, na sikuwa nimelala. Ilikuwa saa sita na nusu mchana, kuku wanapita mlangoni. Nilimeza tonge, akaondoka.

Zena alikuwa mdogo wangu, kitinda mimba wa mama yetu. Mume wake alikwenda machimbo ya Kama kutafuta dhahabu, na vita vikaingia kabla hajarudi. Hatukumsikia tena. Alimwacha Zena na mtoto mchanga wa kike wa miezi minne. Mtoto huyo ndiye Sifa. Hatukumficha. Anajua tangu utoto kwamba aliyemzaa amelala msituni nyuma ya Kailo na aliyemlea ni mimi. Nilichomficha ni kingine.

Siku risasi zilipoanza, Baba Sifa alikuwa ng'ambo kwenye kazi ya reli, na mto ukafungwa. Mimi na Zena tukatoka na mtoto tukashika njia ya Kailo, kisha tukaiacha njia tukaingia msituni, tukapiga kambi pamoja na watu wengine. Nilibeba mkeka, sufuria, na chumvi. Baiskeli zilizokuwa zikileta chumvi zilikuwa hazifiki tena, na mimi niliyokuwa nayo kama kikombe kimoja niliimimina kwenye kitambaa, nikakifunga fundo katika pindo la ndani la kikwembe changu, kitenge nilichojifunga kiunoni. Wiki za kwanza nilitia kidogo kidogo kwenye sufuria yetu. Ilipofika nusu nikamwambia Zena imekwisha.

Nilikuwa na sababu. Kwenye njia ya kurudia kulikuwa na barieri, kizuizi cha watu wenye bunduki, na mama mmoja pale kambini alituhadithia kwamba yeye alipita kwa kikombe cha chumvi. Nikajiambia, hii ndiyo nauli yetu sisi watatu. Sababu hiyo ilikuwa ya kweli hadi siku nilipokwenda kisimani peke yangu, nikafungua fundo, nikalowesha kidole, nikalamba. Baada ya hapo nikawa nachota maji mara nyingi kuliko mtu yeyote kambini. Watu walinisifu kwa bidii.

Asiyekaa miezi bila chumvi hajui. Chakula kipo, mihogo ya mashamba yaliyoachwa ipo, sombe lipo, lakini koo linafunga mlango. Mtu anakonda huku sufuria imejaa. Zena alikuwa ananyonyesha. Siku moja aliweka sahani ya majani chini, akaniuliza kwa sauti ndogo ili wengine wasisikie.

"Yaya, hauna hata kidogo? Ya kuonja tu. Sombe inanikatala. Maziwa inakauka."

Aliniita yaya maana nilikuwa dada yake mkubwa.

"Sina, Zena. Kama ningekuwa nayo, ningekunyima weye?"

Alinitazama, kisha akalitazama pindo la kikwembe changu, au labda alitazama chini tu. Sijui. Miaka yote hii sijui kama alijua, na jambo hilo ndilo lililokuwa likinila kabla ugonjwa wowote haujaanza.

Kesho yake, na homa mwilini, alichukua panga akashuka bwawani. Bibi yetu wa Kailo alikuwa amemfundisha namna ya kutoa munyu kwenye majani ya bwawa. Mimi nilifundishwa pia, ila sikusikiliza, nilikuwa msichana wa mjini. Alikata majani, akayaanika siku tatu, akayachoma, akayatia majivu kwenye sufuria kuukuu yenye matundu, akamimina maji juu, yakadondoka tone tone. Kisha akayachemsha hadi yakakauka. Mara mbili alianguka kwenye tope na wenzetu wakamwinua. Kilichopatikana ni ukoko wa kijivujivu, kijiko kimoja na nusu. Akauleta juu ya jani.

"Weye njo mukubwa, yaya. Onja mbele."

Nilionja. Ulikuwa na uchungu nyuma ya ulimi. Fundo la chumvi ya duka lilikuwa linanigusa muundi wa mguu. Nikamwambia ni mzuri.

Baada ya siku tano alikufa. Labda ni homa, labda angekufa hata kwa chakula cha sherehe. Nimejiambia hivyo mara nyingi na nimechoka kujiambia. Mama mmoja pale kambini, mwenye mtoto wake, akamnyonyesha Sifa kwa ziwa la pili hadi tulipotoka.

Basi hiyo ndiyo iliyokuwa ikichuchumaa jikoni kwangu saa sita na nusu.

Miezi ilipita. Mvua zikaisha, kiangazi kikaingia, mto ukashuka hadi mawe yakaonekana. Nilirudi hospitali kila mwezi, na kila mwezi Mama Anyesi alibonyeza mguu wangu na shimo lilikuwa dogo kuliko la mwezi uliotangulia. Pete ikatoka kwa sabuni. Nilipanda kimlima nikasimama mara moja tu, tena kwa sababu nilikutana na mtu wa kusengenya naye. Nawaambieni, rejime ile inafanya kazi. Sikuishindwa kwa sababu ni mbaya.

Ikaja Ramadhani. Daktari alinikataza kufunga, kwa hiyo saa sita nilikula peke yangu nyumba nzima imefunga, nimegeukia ukuta kama mwizi. Na jirani yangu Mama Idi, mwanamke mwema asiye na hatia yoyote, akaja siku ya tatu na kijiko kinachotoa moshi.

"Mama Sifa, weye haufungi. Nionjee hii muchuzi. Chumvi imefika?"

Mnajua desturi. Mpishi aliyefunga anaogopa kumeza, na asiyefunga anakuwa ulimi wa wengine. Nikaonja. Miezi minane sikuwa nimegusa. Macho yalijifumba yenyewe, na chumvi ilikuwa imefika sawasawa.

"Bado kidogo," nikasema, ili arudi na kijiko cha pili.

Akaongeza, akarudi. Kesho yake akaja na mwenzake. Kufikia wiki ya pili nilikuwa mwonjaji wa mtaa mzima, na kwa kila sufuria jibu langu lilikuwa "bado kidogo." Sifa alikuwa shuleni, hakuona. Aliyenifichua ni Baba Sifa, aliyerudi kutoka kufuturu kwa watu akanywa maji mitungi miwili, akasema mwaka huu wanawake wa Alunguli wote wamerogwa, hakuna mchuzi unaolika. Sifa alinitazama. Asubuhi, kabla ya shule, alipita mlango kwa mlango na kuwaambia mama yake asionjeshwe tena.

Aliniaibisha. Ndivyo nilivyoona siku ile. Nikajifunga kitambaa kichwani nikaenda sokoni kwa hasira, na pale, nyuma ya wauza mihogo, mama mmoja wa pande za Kailo alikuwa ametandaza vifurushi vidogo vya majani. Sikuhitaji kuuliza. Nilivijua kwa rangi ile ya kijivu iliyochungulia.

"Njo munyu ya zamani," akasema. "Wazee wanaipenda kwa sombe."

Sikilizeni hesabu niliyoipiga, maana huenda na ninyi mtaipiga. Daktari amekataza chumvi ya duka. Hii si ya duka, hii ni majani, na majani ni mboga, na mboga zipo kwenye karatasi. Nilijua ninajidanganya, lakini uongo ukishajipanga vizuri unapita. Na kulikuwa na sababu ya pili, ambayo sikumwambia mtu. Niliwaza kwamba nikiula munyu wa Zena, mwenyewe anaona, labda ataridhika ataacha kuja.

Nilikula wiki mbili, natia kwenye sombe langu Sifa akigeuka. Ukutani alama za chaki ziliendelea kupangana vizuri. Zena hakuacha kuja. Alisogea. Zamani alichuchumaa karibu na jiko, sasa alichuchumaa mbele ya sahani, nikiinua mkono naona vidole vyake vyenye majivu.

Siku ya kuanguka nilikuwa natawadha. Asubuhi midomo ilinichonyota, nikadhani ni pilipili. Miguu haikuvimba, ila ilikuwa mizito kana kwamba si yangu. Nikainama na birika, moyo ukapiga, ukanyamaza, ukapiga mara tatu pamoja, ukanyamaza tena. Nakumbuka saruji yenye maji shavuni mwangu. Nakumbuka kifua cha Baba Sifa kikihema juu yangu, mzee amenibeba mwenyewe hadi mtoni. Katikati ya mto nilifungua macho nikaona watu wanne kwenye mtumbwi, na sisi tulipanda watatu pamoja na mpiga kasia.

Walinichoma sindano, wakanitoa damu, wakaipeleka kupimwa. Mama Anyesi akarudi na uso ambao hakuwa nao kwenye kliniki ya kila mwezi.

"Amekula nini?"

"Rejime," akasema Sifa, aliyetufuata kutoka shuleni na mkoba begani. "Naandika kila siku. Chumvi haiwezi kuwa, mukebe iko kwangu, munaona?" Akafungua mkoba, akautoa mkebe, akauweka juu ya kitanda. Aliubeba hata siku ile.

"Damu yake inasema kitu ingine. Iko kitu amekula, na kama hatujui, daktari hawezi kujua atie dawa gani." Akaniinamia. "Mama, sitakugombeza. Sema tu."

Karibu mwaka mzima Sifa alikuwa amechora mistari yake kwa ajili yangu. Nikamtazama akiwa amesimama na ule mkebe, yuko tayari kupigana na muuguzi kwamba mama yake hadanganyi. Niliona afadhali nife. Nasema kweli tupu, kwa muda fulani nilichagua kunyamaza, na moyo ukawa unaruka na kunyamaza pamoja nami.

Zena alikuwa miguuni pa kitanda. Hakuchuchumaa. Alisimama nyuma ya binti yake.

"Munyu," nikasema. "Munyu ya majivu. Ya Kailo."

Mama Anyesi akapiga paja. "Mungu wangu. Ile, kwa figo yako, njo mubaya kuliko ya duka. Inashika moyo." Akatoka mbio kumwita daktari.

Tukabaki mimi na Sifa, Baba Sifa yuko nje kwenye benchi. Sifa alikaa pembeni ya kitanda kwa uzito.

"Nani alikufundisha ile munyu?"

"Mama yako."

Sikuweza kuishia hapo. Nikamwambia kisima, kidole, fundo, swali la Zena na jibu langu, bwawa, jani, "onja mbele." Ulimi ulikuwa mzito na maneno yalitoka vipande vipande, lakini yalitoka yote. Alisikiliza huku anazungusha kifuniko cha mkebe, akikifunga na kukifungua.

"Siku alikufa," akasema, "ile yako ilikuwa imebakia?"

"Ilibakia."

"Uliifanya nini?"

Hili ndilo nililolificha kuliko yote. "Niliila. Siku ile ile, tumetoka kumuzika. Niliitia yote kwenye sombe, mbele ya watu, nikawaambia nimepewa. Na nilikula nikamaliza sahani." Nikavuta pumzi. "Ilikuwa tamu, Sifa."

Alisimama, akauchukua mkoba wake, akatoka. Mkebe aliuacha juu ya kitanda. Mama Anyesi ndiye aliyeuondoa walipokuja na dawa.

Sifa hakuja siku hiyo wala siku mbili zilizofuata. Moyo wangu ulitulia siku ya pili, mashine na sindano zilifanya kazi yake, na mimi sikufurahi. Chakula alileta Baba Sifa, mtu ambaye maishani mwake hakuwahi kupika hata maji. Wali umeungua chini na mbichi juu. Alikaa akinitazama nikila, akauliza, "Niliweka limau, unasikia?" Nilikula punje kwa punje. Sikujua kama Sifa amemwambia, na hakuuliza. Alinipangusa mdomo kwa leso yake. Fadhila hiyo ndogo ndiyo iliyonifanya nilie, mara ya kwanza tangu kandambili zikatae.

Siku ya tatu mchana Sifa aliingia na bakuli moja na vijiko viwili. Hakusalimu. Macho yake yalikuwa yamevimba kama yangu ya zamani. Akafungua bakuli: sombe, na wali kiasi cha ngumi mbili. Akanipa kijiko, akachukua kingine, akatia kinywani. Nikaonja. Halikuwa na chumvi kabisa.

"Hii yako iko wapi?" nikamuuliza. "Mbona haukuleta sufuria yako?"

"Nataka kujua alikuwa anakula nini."

Alitafuna kwa muda mrefu. Koo lake lilikataa, nikaliona likikataa, akalilazimisha. Tulikula hadi chini ya bakuli, yeye akifuta macho kwa mgongo wa mkono. Mwishoni akakusanya vijiko.

"Sijui nitakuita nini sasa," akasema. "Mama njo nimezoea. Basi."

Hakusema amenisamehe. Mpaka leo hajasema, na mimi sijaomba, maana nilimnyang'anya kitu ambacho hajui hata harufu yake.

Nilirudi nyumbani kwenye mvua za kwanza. Ukuta wa jikoni ulikuwa umefutwa, mistari na alama zote. Jioni, Sifa alipika sufuria moja tu, bila chumvi, akaiweka katikati yetu. Kisha akatoa mkebe kwenye mkoba wake wa shule na kuuweka mbele yangu, kifuniko kimefunguliwa, na kijiko kidogo juu yake.

"Nimechoka kuichunga," akasema. "Kuanzia leo njo weye utagawa."

Tangu hapo ndivyo tunavyokula. Sufuria ni moja, na kila mtu anatiwa chumvi yake kwenye sahani, kwa mkono wangu. Yangu haitiwi. Miguu imebaki myembamba, Mama Anyesi ananitukana kwa furaha kila mwezi, na ninyi mnaosoma, muulizeni daktari wenu kuhusu munyu wa majivu kabla ya kupiga hesabu kama zangu. Kinywa huzoea. Baada ya muda utaanza kusikia utamu wa mchele wenyewe, hilo naapa.

Zena bado anakuja. Anachuchumaa pale pale, goti chini ya kidevu, anautazama mkono wangu. Namtilia Baba Sifa, anasema inatosha na kuanza kula. Kisha nageukia sahani ya Sifa. Natia kidogo, nasimamisha kijiko hewani, nangoja. Anaonja taratibu, hana haraka ya kunijibu. Siku nyingine anatikisa kichwa kwamba imetosha. Siku nyingine ananisukumia sahani.

"Ongeza, mama."

Naongeza.